Mbuzi wa Mechi ya Vyuo

Hapa Miyuji ninapoishi, jirani yangu ana kawaida ya kunoa kisu kwenye ngazi ya saruji kila mkesha wa sikukuu. Sauti ile, ikikatika kidogo anapojaribu makali kwa ukucha, hunifanya nifunge madirisha yote. Watoto wangu hucheka na kusema mama anaogopa visu. Siogopi visu. Ngoja niwaeleze ninyi, maana wao sijaweza kuwaeleza.

Tulikaa Chang'ombe, mtaa mwingine wa mji huuhuu, nyumba mbili zilizotumia ua mmoja. Upande huu sisi, upande wa pili Baba Mkubwa Salimu, kaka yake baba, tumbo moja. Walikuwa Wasandawe wa Chemba. Baba alibatizwa akiwa shule ya misheni akaitwa Yohana. Kaka yake alibaki Mwislamu kama babu. Jioni walikaa uani wakizungumza Kisandawe, ndimi zikigonga mdomoni, na mama yangu, Mgogo wa watu, alijaribu kuwaigiza mpaka wakashika mbavu. Krismasi Baba Mkubwa ndiye aliyetuchinjia mbuzi, ili nyama iliwe na wote. Idd tulihamia kwao tangu asubuhi na hatukurudi mpaka tumevimbiwa. Mimi nilidhani dini ni pande mbili za ua.

Kisu chake kilikuwa na mpini mweusi wa mpingo, na kilikuwa cha kuchinjia tu, hakikuguswa hata kwa kitunguu. Kilikaa kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, na mtu wa kukibeba nilikuwa mimi, Neema, mwenye miaka kumi, kwa sababu, alisema, mikono yangu haikuwa na papara. Nilijivunia kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

Mjini kwetu kulikuwa na vyuo viwili vya ualimu, kimoja cha misheni na kingine cha Waislamu. Kila mwaka, upepo wa Agosti ukitimua vumbi jekundu, vilicheza mpira kwenye uwanja wa shule yetu ya msingi. Zawadi ilikuwa beberu mmoja, aliyefungwa nyuma ya goli akitafuna kamba yake. Vyuo vyote viwili vilichanga kumnunua. Ashinde huyu au yule, Baba Mkubwa ndiye aliyechinja, na timu zote zilikula chungu kimoja. Walioshinda walianza na maini, waliofungwa waliosha masufuria. Adhabu ilikuwa hiyo tu.

Na mashabiki, jamani. Walikuja na matarumbeta na madebe, wamejipaka unga usoni, wengine wamevaa mashati ndani nje. Chuo cha Waislamu kikipata goli, mashabiki wake waliimba kwamba wenzao wamelewa mvinyo wa zabibu za Makutupora. Wachezaji wake wakianza kuchoka, upande wa pili ulijibu, "Wapeni futari, wapeni futari." Baba Mkubwa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia. Ulikuwa utani, na kwetu utani ulijulikana mwisho wake.

Baba alikuwa mlinzi wa chuo cha misheni. Timu ya chuo chake ilikuwa imefungwa miaka mitatu mfululizo, na kule kazini walianza kumwuliza, kwa kicheko cha nusu, kama yeye ni wa kwao au wa kaka yake. Mwaka ule alirudi nyumbani na jezi ya chuo, akawa anaivaa hata akilala. Kwetu alikuwa amepanga mwanafunzi mmoja, Fide, kiongozi wa hamasa wa mashabiki wa misheni. Fide alianza kuleta maneno mapya uani: kwa nini kila mwaka achinje mtu wa upande mmoja? Anayeshinda na achinje. Baba alikoroga tu chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Siku ya mechi nyimbo zilikuwa nyingine. Habari za zabibu na futari sikuzisikia. Walitukaniana imani, kwa maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Watu niliowajua, mama wa genge na fundi cherehani, ambao mwaka uliotangulia walikaa wamechanganyika, sasa walikuwa wametengana pande mbili za uwanja na hawakutazamana. Misheni ilishinda mbili moja.

Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nyuma ya goli, kisu kikiwa mapajani. Fide alinijia akihema, uso mweupe kwa unga.

"Lete kisu nimpelekee Baba Mkubwa," alisema. "Watu ni wengi, utakanyagwa."

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama upande wa pili wa goli, na nilipomwona akageuka kutazama kwingine. Fide alikichomoa kisu, mimi nikabaki na kitambaa.

Hakumpelekea mtu. Alimchinja beberu mwenyewe, vibaya, mnyama akalia kwa muda mrefu. Kisha mtu akaleta sinia la kitimoto kutoka kilabuni, Fide akaikata nyama ile ya nguruwe kwa kisu kilekile na kukiinua juu watu wote wakione. Mashabiki wa misheni walishangilia kuliko walivyoshangilia magoli. Kutoka upande wa pili mawe yakaanza kuruka.

Baba Mkubwa hakurusha jiwe. Alitembea mpaka nilipokuwa, akachukua kitambaa mkononi mwangu, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni. Kisu chenyewe hakukifuata.

Jioni ile baba alinichapa uani, mlango wa kaka yake ukiwa wazi. "Nani alikutuma utoe kisu cha watu?" aliuliza kwa kila fimbo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Baba Mkubwa alitokea mlangoni akasema, "Mwache mtoto, Yohana." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akimwambia baba, na aliyasema kwa Kiswahili.

Kabla ya mvua Baba Mkubwa na familia yake walikuwa wameshahama kurudi Chemba. Ua ukagawanywa kwa ukuta na mpangaji mpya. Baba hakuwa tena na mtu wa kuzungumza naye lugha ya mama yao, nami nilikua nikijua kwamba ndugu wawili walitengana kwa sababu ya mikono yangu. Nilijichukia kimyakimya, kwa miaka mingi.

Mwaka jana tulisikia Baba Mkubwa anaumwa. Nilikwenda peke yangu, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Kisu nilikitoa mimi. Nisamehe."

"Marahaba." Alinitazama sana. "Wewe ulikuwa na kosa gani? Nilimwona Yohana akimwonyesha yule kijana kwa kidole mahali ulipokaa. Alijua mimi siwezi kumgombeza mtoto." Akapumua kwanza. "Nimemngoja aje aseme mwenyewe. Bado namngoja."

Nilirudi Chang'ombe siku hiyohiyo. Baba alikuwa amekaa na redio, anasikiliza mpira. Nilimwambia yote, nikamwambia basi la asubuhi lipo, nauli ninayo. Alipunguza sauti ya redio, akainamisha kichwa mpaka nikadhani analia.

"Mechi ile tulishinda mbili moja," alisema.

Baba Mkubwa alifariki wiki tatu baadaye. Safari hiyo baba alikwenda. Niliporudisha mawazo nyuma ndipo nilipoelewa zile fimbo: hazikuwa adhabu yangu, zilikuwa taarifa kwa kaka yake kwamba mkosaji amepatikana. Mtoto wa miaka kumi alitumwa kubeba kisu, kisha akabebeshwa na lawama, na mzee aliyejua ukweli alihama bila kuusema ili asimwumbue mdogo wake. Nina hasira na wote wawili, na nikimfikiria baba hasira haipungui.

Pale msibani, wanaume waliporudi kutoka makaburini, nilikuwa nawanawisha mikono. Walinieleza jinsi baba alivyokuwa wa kwanza kushika koleo, jinsi alivyolia mpaka wakamshikilia. "Mwenye ndugu kama huyu amepata," mzee mmoja aliniambia. Nilimmiminia maji, nikampa taulo. Nimezoea kumbebea baba siri yake.