Mashavu ya Yaya

Mimi kwa mapadri nilifika darasa la pili, kisha nikatoka kwenda kulima pamba ya lazima kama watu wote. Kazi ya hospitali niliipata kwa mikono yangu. Nilianza kufagia dispensere, nikachemsha sindano, nikafunga vidonda, mpaka siku moja munganga, daktari wa Kibeleji, akanivalisha yeye mwenyewe blauzi nyeupe, koti la wauguzi. Waliokuja nyuma yangu na diploma walinicheka kwa kusoma polepole. Wacheke. Mshipa wa mtoto mchanga mimi niliupata mara moja, wao walichoma mara nne. Nayasema haya ili ijulikane kwamba ninayoyaeleza hayakufanywa na mtu asiyejua kazi.

Dispensere yetu ilikuwa kwenye barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Munganga alikaa Kasongo, akitufikia mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote munganga nilikuwa mimi.

Yaya wangu, dada aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokufa, alikuwa na pumu. Mvua zikianza tu, alikaa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, kifua kinapiga filimbi. Nilimchoma sindano tulizokuwa nazo, akapata nafuu kidogo, ikarudi vilevile. Mwisho nikamlaza kwetu dispensere, na munganga akamletea dawa mpya: vidonge vidogo vyeupe ndani ya kichupa. Aliita prednisone.

Alinikalisha akanifundisha kama mtu anayekabidhi bunduki. Kwanza nimpe dawa ya minyoo. Vidonge ameze asubuhi akiwa amekula, la sivyo vitamla tumbo, na choo kikiwa cheusi nimwandikie siku hiyohiyo. Chumvi apunguze. Kila juma nipime presha, nichemshe mkojo wake pamoja na maji ya buluu ya kupimia sukari: yakibaki buluu ni vizuri, yakigeuka rangi ya tofali sukari imepanda. Kidonda au homa, hata ndogo, nisidharau, maana dawa hii inaficha ugonjwa mwingine. Kisha akaongeza kwa Kiswahili chake:

"Uso itavimba, usiogope. Lakini dawa haikatwe mara moja. Hapana kabisa! Mimi nitashusha, kidogo, kidogo. Mwili yake itasahau kutengeneza ya kwake."

Nikasema ndiyo. Yote niliyashika, ila hayo ya mwisho. Mwili unasahau namna gani? Niliona haya kuuliza. Mtu aliyetoka kwenye ufagio akiuliza sana, watu wanakumbuka ufagio.

Siku ya tatu filimbi ilinyamaza. Juma la pili yaya alitwanga sombe ya majani ya muhogo mwenyewe. Kufika mwezi wa pili mashavu yalikuwa yamejaa, shingo nyuma imefanya nundu, anakula bugali ya watu wawili. Wanawake waliokuja na watoto wao walimzunguka.

"Ee mama! Unakula nini? Tuambie na sisi!"

"Vidonge vya mudogo wangu."

"Atupe na sisi basi, mabwana wetu watuone!"

Kwetu mgonjwa akinona, mambo yamekwisha, hakuna anayeuliza tena. Munganga alisema kuvimba. Wanawake walisema kunona. Shavu ni lile lile, na mimi nilijua neno la kweli ni lipi. Lakini sifa zilikuwa zangu, nikaliacha neno lao lishinde.

Shemeji yangu, mume wake, akaja na baiskeli.

"Shemeji, bibi yangu iko muzima. Nakuja kumuchukua, mupunga imeiva."

"Bado anameza dawa."

"Dawa ya nini? Muangalie huyu! Kama huyu iko mugonjwa, sisi wote tuko maiti."

Yaya akacheka mpaka akashika mbavu. "Ao unataka nibaki nikufulie blauzi?" akaniambia.

Nikacheka na mimi. Nilimpa kichupa, nikasema: kila asubuhi, baada ya kula. Sikusema kwamba haikatwi. Siwezi kueleza kwa nini, labda kwa sababu sikuwa na jibu kama wangeniuliza sababu.

Kijijini wakamfanyia yale yanayofanyiwa mtu aliyepona. Wakachinja kuku. Mama mkwe wake akakusanya mabaki yote ya dawa zilizowahi kumtibu, mizizi, majani, chungu cha kufukizia, akateremka mtoni akatupa kwenye maji yanayokimbia, akarudi bila kutazama nyuma, ili ugonjwa uende na maji. Kichupa kilikuwa humo. Alifanya vizuri kama alivyofundishwa. Hata mimi nilipopona ndui walinifanyia hivyo.

Siku ya sita baada ya karamu hiyo, asubuhi, waliniletea yaya kwenye kipoyi, watu wanne wamembeba, mama mkwe nyuma yao. Alikuwa ametapika njia nzima. Nilisikiliza kifua: safi, hakuna filimbi hata moja. Nikafurahi, kidogo tu. Kisha nikafunga presha, nikasikia pigo moja la mbali, basi.

"Kichupa kiko wapi?"

Mama mkwe alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Si tulitupa? Si alipona?"

Hapo ndipo nilipoelewa mwili unavyosahau: wake ulizoea kichupa, ukaacha kutengeneza dawa yake wenyewe.

Nilifungua kabati. Kinini, salfa, mafuta ya kanfa, dawa ya minyoo. Vile vidonge hakuna hata nusu. Nilimpa barua dereva wa lori la pamba aliyekuwa anaelekea Kasongo. Nikamtundikia yaya serumu, nikamchoma kanfa ya kuamsha moyo, nikamnywesha maji ya sukari na chumvi kwa kijiko, akayarudisha.

"Fanya kitu," shemeji akasema. "We iko munganga."

"Nafanya."

"Hapana. Unashika tu mukono yake."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeushika, wa baridi na wenye jasho, na kazi zote nilizozijua nilikuwa nimezimaliza. Yaya alifungua macho.

"Usihangaike, mudogo wangu. Leo napumua vizuri."

Alikufa kabla ya saa tisa, akipumua vizuri.

Munganga alifika kesho yake na ampuli za dawa ileile. Sisi tulikuwa uani, tumekaa kwenye mikeka, na kaburi limekwisha kufunikwa. Aliniuliza kwa Kifaransa kama niliwaambia wasikate dawa.

"Oui," nikasema, ndiyo.

Mimi nilikiokota kazini; hakuna mwingine pale aliyejua Kifaransa. Munganga akapandwa na hasira, akamgeukia mama mkwe, akaanza kumgombeza: ushenzi, uchawi, mliambiwa dawa haikatwi, umeua mtu aliyeponywa. Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote. Akanionyesha kidole nitafsiri.

Nilitafsiri. Sikuruka neno.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akavua kitambaa cha kichwa, akapiga magoti. Si mbele ya muzungu. Mbele yangu.

"Utusamehe, baba," akasema. "Wewe ulituambia, na sisi hatukusikia."