Koti la Maabara Lililofukizwa Udi

Leo naweza kucheka, lakini siku ile ningepata shimo kwenye lami ya London ningejitumbukiza na kujifunika mwenyewe.

Mimi nasoma historia. Chuo chetu ni kidogo na kina sharti moja: hupewi digrii, hata uwe bingwa wa nini, mpaka ufaulu somo moja la sayansi, nami nililikwepa hadi mwaka wa mwisho, nikaangukia kemia kwa kuwa ndiyo iliyobaki na nafasi. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kunusa vichupa visivyo na majina na kuandika kipi kina harufu ya ndizi, kipi ya nanasi, kipi ya peasi. Ukifeli, hakuna mahafali (na mama alishawaalika jamaa wote wa Edmonton).

Asubuhi ya mtihani nachukua koti langu jeupe la maabara, linanuka samaki! Nililitundika jikoni, na jana yake mama alikaanga samaki aina ya changu. Muda wa kufua hakuna.

"Si ulifukize tu, mwanangu," mama akasema, na kabla sijajibu chetezo kimeshawaka. Koti likafukizwa likafukizika, nami kwa kimbelembele changu nikapaka na mafuta ya udi kwenye kola. Kwenye treni abiria wa pembeni yangu alihama kiti. Nikajisemea, Waingereza hawa wana lao.

Mtihani haujafika mbali, mwalimu akainua pua. "Harufu gani hii? Kuna kitu kinaungua?" Wenzangu wakaanza kukohoa. Akamuuliza kila mmoja anasikia nini, kufika kwangu nikajibu kwa kujiamini, "Mimi sisikii kitu." (Nimekulia ndani ya udi, pua yangu haiuhesabu.)

Uso ukambadilika mwalimu. Kumbe ziko gesi, alieleza, zikikuzidi zinaua pua kwanza, kwa hiyo mimi ndiye niliyeathirika kuliko wote. Kengele ikalia, chuo kizima kikatolewa nje kwenye manyunyu, nami nikakalishwa kitini kando ya barabara, nimefunikwa blanketi, zimamoto mmoja ananimulika machoni, mwingine ananipitishia kipimo cha gesi, na kila anayenisogelea anasema, "Huyu ndiye, harufu imemganda mwilini!" Nikaanza kuamini. Nikashikwa na kizunguzungu cha kweli, nikatoa shahada kimoyomoyo.

Ndipo akaja Nimisha, mwenzangu wa Harrow ambaye wazazi wake ni wa Mombasa, akainama kunipa pole, akanusa.

"Shoga, mbona unanukia kama bi harusi?"

"Nyamaza."

"Salma! Ni udi?"

Nikavuta blanketi hadi puani. Yeye, bila huruma, akamgeukia zimamoto akamweleza yote kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

Mtihani ulirudiwa na darasa zima, na hakuna aliyenipa salamu. Mlangoni mwalimu alininusa mabegani mbele ya wote, kwa makini kama anakagua nyama buchani, ndipo akasema, "Pita." Nilifaulu kwa kuponea chupuchupu.

Mdogo wangu anaanza chuo hichohicho, na ameniuliza achague sayansi gani. Nimemwambia achukue elimu ya nyota: huko kazi ni ya macho tu, na nyota ziko mbali, hazitajua mama amekufukiza nini.