Mlima wa Nundu Mbili

Mwanangu, kuna wiki moja ya mwisho wa kiangazi ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinatoka jasho. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, msichana pekee aliyeshika kamera katika studio ya Mzee Barnabe hapa mtaani Bwiza, na nilijiona nimeshafika. Wewe umenijia na simu yenye macho matatu mgongoni, unaniuliza ununue lenzi gani kubwa ili upige picha za ziwa na milima. Nitakujibu, ila keti kwanza. Jibu langu linapitia mbali kidogo.

Kamera aliyonikabidhi Mzee Barnabe ilikuwa na lenzi moja tu, fupi, ya milimita hamsini, ndogo kuliko kikombe cha kahawa. Haivuti cha mbali, haipanui cha karibu. Inaona karibu sawa na jicho la mtu aliyesimama akatulia. Wapiga picha wenzangu walikuwa na lenzi ndefu na lenzi pana, na tulipokutana harusini niliifunika yangu kwa kiganja. Ujana ni maradhi, mwanangu, bahati nzuri hupona.

Jumatatu ya wiki hiyo akaja Bibi Shamsa, mjane wa familia ya Waarabu wenye duka la vitambaa. Watoto wake walikuwa wameamua kumchukua akaishi nao Maskati, na ndege ilikuwa Jumamosi jioni. Alitaka picha moja kubwa ya ukutani: ziwa na milima ya Kongo, kama vinavyoonekana ukisimama juu kilimani Kiriri.

"Mi sirudi tena huku," aliniambia. "Unipigie vizuri. Ile milima nataka kuiona kila siku."

Mzee Barnabe akasema, "Hii ni kazi ya Goreti." Goreti ndiye mimi. Nilifurahi kwa muda wa dakika tano, kisha hofu ikaingia. Unajua kiangazi chetu kilivyo: vumbi na moshi hulifunika ziwa, na milima ya ng'ambo inaweza kupotea wiki nzima. Mpaka mvua ya kwanza ioshe hewa, ndipo asubuhi moja unaiona yote, karibu uiguse. Jua likipanda, imeshafifia tena.

Jumanne jioni mvua ikanyesha. Nami, bila kumwambia Mzee, nikakimbilia kwa mpiga picha mmoja wa harusi nikaazima lenzi yake pana, nzito, kioo chake kama sahani ya chai. Alfajiri ya Jumatano nikapanda Kiriri kwa miguu. Hewa ilikuwa safi kabisa. Nikasimama pale barabara inapokunja, nikatazama, na kila kitu kikaingia: mji, bandari, ziwa lote, milima yote, mawingu juu yake. Sikusogea hata hatua. Nikamaliza filamu nzima pale pale, nikateremka nikiimba.

Alhamisi nikampelekea picha nyumbani kwake. Akavaa miwani, akaisogeza karibu, akairudisha mbali.

"Nzuri," akasema polepole. "Mbingu nzuri sana. Na milima iko wapi?"

Nikamwonyesha. Milima ya Kongo ilikuwa uzi mwembamba katikati ya maji mengi na mbingu nyingi. Bibi akatafuta kitu juu ya ule uzi kwa ukucha wake, akakikosa, akarudi tena. Kisha machozi yakamtoka bila sauti.

"Mutoto wangu wa kwanza iko kule," akasema. "Zamani tulikuwa tunakaa Uvira, kule ng'ambo ya ziwa, mi na marehemu bwana yangu. Tulimuzika chini ya ule mulima wa nundu mbili. Tulipohamia huku, kila Ijumaa marehemu alikuwa ananipandisha Kiriri. Tunauangalia, tunamusomea Fatiha. Hapa siuoni."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza hata neno moja.

Nikarudi studio nikamwambia Mzee Barnabe yote. Hakupandisha sauti. Akaziweka lenzi mbili mezani, ile pana na ile yangu fupi.

"Hii umetoa wapi?"

"Nimeazima, Mzee."

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio." Akaitazama picha kwa muda mrefu. "Umeingiza dunia nzima mu picha. Mama wa watu alikuwa anatafuta kaburi moja. We ulimuuliza?"

"Apana, Mzee."

"Bon. Basi usiseme kosa ni ya lenzi. Lenzi pana iko na kazi yake. Lakini we uliichukua ili usichague." Akanisukumia ile fupi. "Utapanda na hii. Utatembea mpaka uone kile mama anaona."

Ijumaa nikapanda. Ukungu mweupe kama maziwa. Ziwa halipo, Kongo haipo. Nikangoja mpaka saa nne, saa tano. Mlinzi wa jumba moja akanijia.

"Dada, unapiga nini hapa?"

"Mlima."

Akageuka kutazama ule weupe. "Mulima gani?"

Kule juu wanakaa wakubwa, na mtu mwenye kamera hutazamwa vibaya. Nilidhani ataninyang'anya. Nikamweleza habari ya Bibi Shamsa mpaka mwisho. Akasema nisisimame mbele ya geti lake, niteremke kwenye kijia kilicho chini ya ukuta, hapo hakuna atakayenisumbua. Saa sita nikarudi nyumbani mikono mitupu. Usiku ule sikula.

Jumamosi, kabla jua halijatoka, nilikuwa kwenye kile kijia. Mvua ilikuwa imepita, lakini wingu lilikalia milima yote. Saa moja. Saa mbili. Nikawa nahesabu: kusafisha filamu, kuchapa, kukausha, kufika kwa Bibi kabla hajaondoka. Saa mbili na nusu wingu likainuka kidogo, na jua la asubuhi, lililokuwa nyuma yangu, likaupiga ule mlima wa nundu mbili kifuani.

Nikaweka jicho kwenye kamera. Paa la bati liling'aa likaziba nundu ya kushoto. Lenzi yangu haikuwa na namna ya kulikwepa, ila miguu yangu ilikuwa nayo. Nikashuka hatua kumi, paa likatoka. Nikashuka nyingine tano, na ukingo wa ziwa ukakaa chini ya mlima, mji ukabaki nje. Mlima, mwanangu, huwezi kuusogelea, ziwa liko katikati. Unaweza tu kusogea wewe mpaka ukae unapostahili. Nilipiga mara sita. Kisha wingu likashuka.

Studio tulikuwa na chumba chetu cha giza cha kusafishia picha. Filamu ilipokuwa tayari, umeme ukakatika. Nilikaa ndani ya kile chumba nikilia, na Mzee Barnabe nje ya mlango akirudia, "Tulia, Goreti, tulia," ingawa nilimsikia yeye mwenyewe akitembea huku na huku. Umeme ulirudi saa saba. Nilitoka mbio na picha ikiwa bado na unyevu.

Gari lilikuwa mlangoni, mizigo imeshapakiwa. Bibi Shamsa aliipokea picha ameketi kiti cha nyuma. Kidole chake hakikutafuta. Kilikwenda moja kwa moja chini ya zile nundu mbili, kwenye ile ya kushoto, midomo ikaanza kusoma. Mwanawe alitaka kuiweka sandukuni, akakataa, akaiweka mapajani. Mimi niliona tawi la mkaratusi lililoingilia kwenye pembe ya juu, halionekani sawasawa, uso ukaniwaka. Yeye hakuliona.

Sikuonana naye tena. Miaka mingi baadaye mwanawe alipita Bwiza, akaniambia mama alifariki, na kwamba katika ile picha nundu ya kushoto imefifia kwa kuguswa.

Basi jibu langu ni hili. Anza na lenzi fupi, ya kawaida, ukae nayo mwaka mzima. Itakunyima mengi, na katika kunyimwa utajifunza kuchagua. Mtaka yote hukosa yote. Kabla hujapanda mlima wowote, muulize anayetaka picha moyo wake unatazama wapi. Na kama picha ni yako, jiulize mwenyewe. Halafu tembea. Na siku ukungu ukikufungia, usiaibike kuogopa. Aliyepewa kitu cha mtu kukitunza ni lazima aogope kidogo, ila hofu isikufanye uondoke kabla wingu halijainuka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yanayotua, miguu isiyochoka, na watu watakaokuamini wakakukabidhi vile wanavyovipenda. Nawe usiwapotezee.