Mjomba alinitembeza Nairobi mpaka miguu ikavimba, kumbe hatukuwa na pa kukaa mchana

Wakuu wa baraza, wakubwa shikamooni, rika zangu hamjambo.

Najua daftari hili la mezani huwa tunaliandikia habari za mpira na mashairi ya kujibizana, na kila mwenye la kusema huliweka chini ya mwenzake. Leo naomba ukurasa kwa jambo la nyumbani kwetu. Sitii chumvi. Mwenyewe aliyehusika ameniruhusu, kwa sharti nisimtaje jina. Wanaomjua humu nawaomba mfunge midomo.

Mnisamehe na mwandiko. Shule sikwenda, kusoma nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa misumari pale karakanani Keko. Ukurasa huu nimeuandika na kuuchana, nimeuandika na kuuchana, kwa sababu ya tone la wino au mstari kwenda upande. Sasa nimechoka. Utakavyokaa, ndivyo hivyo.

Iko hivi.

Mie nimelelewa na bibi mzaa mama, hapa Temeke. Bibi ana mtoto mmoja wa kiume, mjomba wangu, aliyekwenda Nairobi kabla ya vita na hakurudi. Salamu zake zilikuwa zikija kwa watu wa reli na mabaharia. Hajambo, ana kazi ya hotelini, ana nyumba ya vyumba vitatu, mama akitaka aje akae.

Mama akitaka aje. Maneno ya adabu hayo, kila mtoto aliye mbali huyasema.

Bibi akataka.

Mwanzoni tulidhani mzaha. Kisha akaanza kugawa vyungu. Kisha tukasikia amezungumza na mwenye duka mmoja wa Kariakoo amuuzie minazi yake yote, ile aliyoachiwa na babu, na mwenye duka amekubali. Mnajua mwanamke mzee akishauza minazi. Hana tena pa kurudi.

"Nataka nikazikwe na mwanangu," alisema. "Wewe tangulia. Kaione nyumba, ukione na chumba changu, uje uniambie. Ukirudi, nauza."

Basi nikapewa kazi ya kwenda kutazama nyumba. Kwa nje ilionekana matembezi, na vijana wa mtaani walinionea wivu. Ndani ya moyo wangu, wakuu, sikulala. Mie ni mtu wa kuogopa. Nikipiga vanishi meza naamka alfajiri kwenda kuitazama kama imeshika vumbi. Sasa mnipe maisha ya bibi yangu niyatazame mimi?

Nguo nilizipiga pasi mpaka mikunjo ikawa kama makali ya patasi. Nikapanda meli hadi Mombasa, nikalala sitahani na mbuzi wa mtu, kisha gari la moshi daraja la tatu. Mikunjo yote ikaishia hapo.

Mjomba alinipokea stesheni. Mrefu, mwembamba, koti safi, shati jeupe kuliko mashati yote niliyopata kuona. Alinikumbatia akacheka, akanitazama kichwani mpaka miguuni.

"Mpwa wangu! Mbona umekuwa mtu? Nilikuacha unakula udongo!"

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Twende. Mji huu ukilala, umekupita."

Hayo maneno niliyasikia tena na tena hata nikayachukia.

Tulikwenda Majengo, kwa Waislamu wenzetu, nyumba za udongo zilizoshikana kama meno. Akanipeleka chumba kimoja kidogo chenye kitanda kimoja. Akasema nyumba yake inapakwa chokaa, harufu yake itaniumiza kifua, kwa hiyo tumejihifadhi hapa kwa rafiki yake, mlinzi wa usiku, ambaye wakati wa kulala yuko lindoni. Akanilazimisha nilale kitandani mimi, yeye akatandika mkeka chini. Nikakataa, akakasirika. Nikalala.

Kabla ya alfajiri akaniamsha. "Inuka bwana mdogo. Mji."

Akakunja mkeka, akafuta kitanda kwa kiganja, akageuza mto upande wa pili. Niliona, nikadhani ni usafi wake tu. Nikampenda zaidi, maana mimi pia ndivyo nilivyo.

Tukatembea.

Wakuu, sijui niseme nini kuhusu mji ule. Mzuri, ndiyo. Barabara pana ambayo ng'ombe mia wangeweza kugeuka humo. Maduka ya vioo yenye watu wa mbao waliovaa suti. Msikiti mkuu wenye makuba, ambao ukiingia na joto lako unatoka umepoa. Soko lenye maua yanayouzwa kama mchicha. Mjomba alinionesha yote. Hoteli za mawe akanionesha kwa nje, tukiwa upande wa pili wa barabara, akiwataja wapishi wake kwa majina.

"Kazi yako ni humu, mjomba?"

"Mashuka yao yote yanapita mikononi mwangu," alisema. Nikafikiri ni mkubwa wa vyumba.

Siku ya kwanza nilifurahi. Ya pili nilifurahi kwa kujilazimisha. Sie wa pwani tuna msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nililisubiri hilo jembe kwa hamu. Nilitaka nipewe kazi, nipasue kuni, niteke maji, chochote cha kufanyia nyumbani. Sikupewa. Nilipewa mji.

Tulitembea asubuhi, tukatembea mchana. Tukichoka tunakaa kwenye benchi mpaka askari atuondoe, maana benchi nyingine si zetu, ni za Wazungu. Stesheni tulikwenda mara nyingi kutazama magari yakiingia, kama watoto. Nyayo zangu zilivimba viatu vikakataa. Kila nikisema, "Mjomba, turudi tujinyooshe kidogo," anapata kitu kipya cha kunionesha.

"Mjomba, hilo sanamu tulikwisha kuliona jana."

"Jana uliliona uso. Leo lione mgongo."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Na kila nikiuliza chokaa imekauka lini, twende nikaione nyumba, jibu lilikuwa kesho.

Nakiri hapa kwamba niliwaza mabaya. Niliwaza ana mke asiyetaka Bibi ajue. Niliwaza ameacha dini. Mwenye hofu hajui kuwaza jambo dogo.

Basi siku moja, jua la utosini, homa ilinipanda. Tulikuwa kwenye bustani ya katikati ya mji. Mjomba akasema kaa hapa, nakwenda kukununulia mahindi ya kuchoma na dawa. Nilipoona amepotea kwenye watu, nikainuka. Sikukusudia kumpeleleza, Mungu shahidi. Nilikitaka kitanda. Njia nilikwisha kuishika, nikaenda nikijishika ukutani mpaka Majengo, nikasukuma mlango.

Kitandani kulikuwa na mtu.

Mzee mmoja wa bara, sare ya lindo imening'inia msumarini, rungu limelala pembeni yake kama mke. Akafumbua jicho moja.

"Wataka nini kwa kitanda yangu?"

Mie, pamoja na homa ile, moyoni nikamsahihisha, kitanda changu. Ndivyo nilivyo, jamani.

"Samahani mzee. Mimi mgeni, tunalala hapa na mjomba wangu."

"Ah! Wewe ndiye mpwa." Akainuka akakaa, akatazama miguu yangu. "Na yeye hakukuambia? Usiku ni yake, mchana ni yangu. Hivyo tunalipa. Saa hii yeye huwa kazini kwa dobi, anapiga pasi mashuka ya hoteli. Juma hili ameomba ruhusa kwa sababu yako."

"Na nyumba yake inayopakwa chokaa?"

Mzee akanitazama, kisha akatazama kuta. Hazijapata kuona chokaa tangu zijengwe.

"Kaa, mtoto," akasema. "Lala hapo kwa miguu yangu. Wewe ni mgonjwa."

Sikulala. Nilimwomba radhi nikarudi bustanini, homa na yote. Mjomba alikuwa amesimama pale pale aliponiacha, mahindi mkononi yamepoa. Aliniona uso akajua.

"Umefika."

"Nimefika."

"Umemwamsha?"

"Nimemwamsha."

"Masikini. Ana lindo leo." Akanipa mahindi. Tukakaa kwenye nyasi, hatukutazamana.

Baadaye akasema, "Vyumba vitatu nilivisema mwaka wa kwanza. Nilidhani vitakuja. Ukishasema jambo kwa mama huwezi kulipunguza."

"Mjomba, rudi nyumbani."

"Nirudi na nini? Mtu aliyekaa ng'ambo muda wote huu ashuke melini na sanduku la mashati? Watu wa Temeke unawajua." Akaninyooshea kidole. "Usimwambie mama. Mpwa hamuumbui mjomba wake."

Nikaapa.

Safari ya kurudi sikumbuki kitu. Nakumbuka hesabu moja tu niliyokuwa nikiipiga kichwani, na kila nikiipiga inanipa jibu baya. Nikisema, namvua nguo mjomba. Nikinyamaza, Bibi anauza minazi na kwenda kufia kwenye kitanda cha zamu.

Mnajua kwetu msafiri akirudi hulazwa kwanza? Hapana. Huketishwa mkekani, hupewa maji, na mtaa mzima huja kusikia. Nikasifu barabara. Nikasifu msikiti. Nikawasifu watu wa mbao wenye suti, majirani wakapiga makofi. Shangazi mmoja wa jirani akauliza, "Na huko kuna baridi kweli, au mnatutisha tu mtuache huku?" Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa ananitazama miguu.

Walipoondoka, alasiri, alinivuta kando ya jiko.

"Chumba changu umekiona?"

"Kizuri, Bibi."

"Nikisimama kusali, nielekee dirishani au mlangoni?"

Wakuu, nilijiandaa kwa kila swali. Nilijiandaa kwa bati, kisima, majirani, choo. Hilo sikulijua.

"Dirishani," nikasema.

"Wewe adhuhuri ulisalia wapi?"

"Msikitini."

"Na alasiri?"

"Msikiti mwingine."

"Siku zote?"

"Siku zote, Bibi."

"Hata ulipokuwa na homa?"

Sikumwambia kama niliumwa. Aliona mwenyewe, mashavu yalikuwa yamebonyea. Nikainamisha kichwa. Kiapo changu nimekishika, lakini sidhani kama kiapo kilisaidia kitu.

Bibi akachochea kuni kwa muda mrefu, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Mwanangu hana pa kukaa mchana," akasema. Kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Kesho yake alimtumia mwenye duka salamu, minazi haiuzwi. Nikafurahi, nikadhani basi, yamekwisha. Ndipo akaniita.

"Nenda bandarini ukamtafute baharia wa Mombasa. Ampelekee salamu mwanangu. Amwambie mama yake minazi imemshinda, wakwezi wanamwibia nazi mchana kweupe, aje aokoe mali ya baba yake."

"Bibi, wakwezi wetu hawaibi. Yule wa juzi alikurudishia hata kifuu."

"Nyamaza wewe! Mwanamume haitwi kwa huruma. Ukimwita kwa huruma hatakuja. Huitwa kwa kazi."

Baharia akaenda. Miezi ikapita, mie kila siku nikijiuliza kama salamu zilisemwa sawasawa au zimepinda njiani.

Mjomba alikuja. Sanduku moja la mashati, kama alivyosema. Watu wa Temeke walikuja kutazama, naye Bibi akasimama mlangoni akawatangazia kwa sauti, "Nimemwita mimi! Ameacha kazi yake nzuri kwa ajili yangu!" Nani atasema neno?

Mjomba alijua tangu siku ya kwanza. Aliingia shambani, akatazama juu mnazi wa kwanza umesheheni, wa pili umesheheni, akageuka akanitazama.

Kitanda chake nilikitengeneza mwenyewe, cha mninga, karakanani Keko baada ya kazi. Nilipokifikisha ilikuwa baada ya adhuhuri. Mjomba akakizunguka, akakigusa, akauliza, "Hiki ni cha nani usiku?"

"Chako."

"Na mchana?"

"Chako, mjomba."

Akavua koti. Akalala mpaka magharibi. Bibi alimkataza jirani kutwanga.

Basi wakuu, hilo ndilo la kwangu. Nililojifunza ni kwamba ukienda kwa ndugu ng'ambo akakutembeza sana, usimsifu tu kwa ukarimu, muulize taratibu amechoka vipi. Na ukimtaka arudi, mtafutie sababu ambayo ataweza kuibeba mbele za watu. Kama nimekosea kumshikia Bibi uongo wake wa wakwezi, semeni, nipo tayari kukosolewa. Na nani mwingine humu amewahi kutembezwa mji namna hiyo? Nafasi nimeiacha hapo chini, andikeni bila kuona haya.

Ila jambo moja linanikera mpaka leo. Mguu mmoja wa kile kitanda ni mfupi kidogo, kama unene wa ukucha. Kinacheza. Kila nikienda na randa na msasa nikirekebishe, nafika mlangoni narudi.

Kuna mtu amelala.