Mwaka wa Kwanza Ndio wa Kuchanganyikiwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo kichwa kinanizunguka. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni Morogoro, msichana wa Litembo niliyezoea vilima na baridi, na sikujua ninasoma nini.

Jina la kozi nililijua. Sayansi ya chakula. Sikuichagua, nilichaguliwa tu, nikafunga begi. Lakini siku chache kabla ya kuondoka nyumbani baba aliniuliza mbele ya wajomba zangu, "Sasa Otilia, ukimaliza hiyo utakuwa nani? Mpishi?" Mwalimu kila mtu anamjua. Nesi tulikuwa tunamwona hospitalini palepale kijijini. Mtu wa sayansi ya chakula anafananaje? Mjomba mmoja akasema kozi isiyo na jina la kazi ni kumaliza bure pesa ya kahawa ya baba, afadhali nikasomee ualimu. Baba hakubishana naye. Aliniambia niende, ila likizo nirudi na jibu. Nikirudi bila jibu, nitahamia chuo cha ualimu.

Basi nikaenda. Niliwauliza wenzangu darasani, kumbe nao walikuwa wanasubiri niwaambie mimi. Mhadhiri alisema nafasi ziko nyingi sana, akaendelea kuandika ubaoni.

Chumbani nilikaa na dada Zuhura, wa mwaka wa mwisho, kozi hiyohiyo. Baba yake alikuwa na duka Mbinga mjini, na babu zake walitoka Kilwa. Darasani hakuna aliyemfikia. Siku ya maonyesho ya ajira aliniomba nimsindikize, nimshikie mkoba wakati anaongea na waajiri. Nikamwambia mambo hayo ni ya wanaomaliza.

"Na mimi ndivyo nilivyoambiwa tangu nifike hapa," akasema. "Twende tu."

Ukumbi ulikuwa umejaa meza na mabango, na watu wamevaa kana kwamba kuna harusi. Zuhura akapotelea katikati yao, nikabaki na mkoba wake, sijui nisimame wapi. Kijana mmoja mwenye tai akaniuliza ninasoma nini. Nilipomwambia, akanishauri nihamie uhasibu mapema. Meza iliyofuata wakasema watu wa kozi yangu wanauza mashine za maziwa. Jirani zao wakasema hapana, wanakagua mizigo bandarini. Mwingine aliniambia nirudi nikifika mwaka wa mwisho. Kila nilipohama meza nilikuwa najua kidogo kuliko nilipoingia mlangoni, na likizo ilikuwa inakaribia.

Karibu na dirisha palikuwa na meza yenye makopo ya samaki na ya nyanya. Nyuma yake walikaa mwanamume na mama mmoja wa makamo.

"Ukimaliza unataka kufanya nini?" mwanamume akaniuliza.

"Shikamoo," nikasema, maana sikuwa na kingine. Halafu nikaona nimechoka kujifanya. "Hilo ndilo ninalotaka kukuuliza wewe. Watu waliosoma hii wanafanya kazi gani?"

Akacheka. Yule mama hakucheka. "Usimcheke," alimwambia mwenzake. "Tangu asubuhi wanatukariria majibu. Huyu ndiye ameuliza." Akanivutia kiti.

Akataka kujua ninatoka wapi. Nikamwambia kwetu ni Litembo, Mbinga, ila mama yangu ni wa ziwani, Lituhi, na bibi yangu huko anaanika usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, juu ya mchanga.

"Mvua ikinyesha?"

"Wanaoza. Wanatoa funza, bibi anawamwaga."

"Kwa nini wanaoza?"

"Mvua, mama."

"Mvua inawafanya nini?"

Nimekula usipa tangu sijaota meno yote, na swali hilo sijawahi kulifikiria.

"Basi kuna watu kazi yao ni kujua hilo na kulitafutia dawa," akasema. "Mimi ni mmojawapo. Wewe huenda ukawa, huenda usiwe. Rudi mwakani uniambie umefikia wapi."

Ningependa kukwambia kwamba hapo nilielewa kila kitu. Sikuelewa. Hata yule mama sikujua kama ni wa kiwandani au wa serikali, na aibu ilinizuia kumuuliza. Nilitoka na maneno mengi kichwani, yote yanagombana.

Nikamkuta Zuhura nyuma ya ukumbi, ameketi kwenye ngazi, analia bila sauti. Nilidhani kuna mtu amemtukana.

"Kila meza wananiuliza fildi, yale mafunzo ya kazini, nilifanyia wapi," akasema. "Nilifanyia nyumbani, Otilia. Dukani kwa baba. Nilifikiri kinachotakiwa ni muhuri tu. Wenzangu walikuja hapa mwaka juzi, wakafahamiana na watu, wakaomba fildi kwao. Sasa wanaitwa kwa majina."

Nikamwambia hata mimi nimechanganyikiwa, sijui tena kama kozi ni hii au nyingine.

Akafuta macho kwa mtandio. "Wewe una muda wa kuchanganyikiwa," akasema. "Mimi mwezi ujao nafunga begi."

Likizo ilipofika nilipanda basi hadi Songea, Songea hadi Mbinga, na njia nzima nilikuwa najaribu kutunga jibu. Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, anazungusha mashine ya kumenyea kahawa. Baada ya kunipokea hakuzunguka. Akauliza, "Enhe, utakuwa nani?"

"Baba, sijui."

Nikamweleza yote. Habari ya uhasibu, ya mashine za maziwa, ya bandarini, ya yule mama na maswali yake. Sikuficha kwamba walipingana. Alinisikiliza huku mkono wake unazungusha.

"Kwa hiyo hata wenye kazi zao hawaelewani."

"Hawaelewani, baba."

"Na huyo mama alitaka habari za usipa wa bibi yako."

"Ndiyo."

Akasimamisha mashine. "Hii kahawa ikipitiliza muda kwenye maji inatoa harufu, wanunuzi wanaikataa. Mtu wa kozi yako anaweza kujua inatokana na nini?"

"Nafikiri anaweza. Sina hakika."

"Basi rudi ukaulize."

Sikuamini nilichosikia. Jioni yule mjomba alipokuja kusikia lini nahamia ualimu, baba alimwambia kwamba bado nauliza. Mjomba hakupata pa kushika.

Mwaka wa pili yule mama hakuja kwenye maonyesho, na mpaka leo sijui alikwenda wapi. Nililizungusha swali la baba meza moja hadi nyingine. Wengi hawakuwa na jibu, lakini mmoja alinipeleka kwa mzee mmoja wa kiwanda cha kahawa, naye akasema, "Jibu lipo, ila ni refu. Njoo ufanye fildi kwetu ulione." Nilikwenda. Nilipomaliza chuo walinichukua, hawakuhitaji kuniuliza mimi ni nani. Nimefanya kazi ya kahawa mpaka mvi hizi, miaka mingi hapahapa Mbinga na vijiji vya Matiri. Dada Zuhura alirudi dukani. Kazi ya kozi yake aliipata baadaye sana, baada ya kuzunguka ofisi nyingi. Huwa ananiambia kwamba kukosa kazi hakukumuuma kama kutokujua mapema kinachotakiwa.

Mwanangu, umeniambia wiki ijayo kuna maonyesho ya ajira chuoni kwenu na huendi, kwa kuwa uko mwaka wa kwanza, huna cha kuwaonyesha, utaaibika. Mimi nakuomba uende. Usiende kutafuta kazi, hawatakupa. Nenda uwaulize wanafanya nini tangu asubuhi hadi jioni, walianzaje, na mwanafunzi wa fildi wanamtaka awe anajua nini. Watakaokucheka wapishe, sogea meza nyingine. Utatoka umevurugika, na pengine utaona kozi uliyonayo siyo. Vizuri. Kama ni kubadili, badili sasa. Kama ni kujifunza kitu cha ziada, una muda. Na mwakani rudi tena, wakuzoee. Kuchanganyikiwa kila mtu atachanganyikiwa, mimi sijaona aliyekwepa. Ninachokuombea ni kwamba kukupate mapema, wakati bado una miaka ya kukaa nako.

Mungu akutangulie masomoni na safarini, akukutanishe na watu wenye subira na maswali yako, na siku utakayorudi kwetu utukute sote wazima.