Mwezi Uliolala Chali

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wanaoanikwa juani hunirudisha Dunga, ufuo wa Kisumu nilikokulia. Ni harufu inayoshika nguo na nywele, na watoto wa mjini walitucheka kwa ajili yake. Mimi na Awino, binti wa jirani yetu, tulikuwa nayo sawasawa, na tulikaa dawati moja. Alinishinda katika kila somo. Baba yake, fundi wa kushona nyavu, alikuwa amekubali kumsomesha hadi sekondari ilimradi walimu waendelee kumsifu. Wenzake ufuoni walimwambia anapoteza jasho lake kwa binti atakayeolewa tu, naye alianza kusitasita.

Katika mwaka wetu wa mwisho wa shule ya msingi, mwalimu wa sayansi alitupa kazi za jua na mwezi. Tulisimika kijiti uani tukafuata kivuli chake kikifupika hadi adhuhuri. Tulizungusha chungwa mbele ya koroboi tukaona jinsi giza linavyolimega polepole. Nilizipenda kazi hizo kuliko mpira. Kisha akatutuma tuutazame mwezi mchanga baada ya jua kutua, tuuchore kama tulivyouona. Mimi na Awino tulisimama kando ya mafunjo, mbu wakitutafuna miguu. Mwezi ulikuwa mwembamba, umelala chali juu ya ziwa, ncha zake zote mbili zikielekea juu. Awino aliuchora hivyo hivyo. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua kitabu cha kaka yangu, ambamo mwezi ulisimama wima kama mundu, nikaunakili. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilitazama, kisha nikaamini kitabu.

Kesho yake Mwalimu aliinua karatasi ya Awino darasa zima lione. "Hiki ni nini?"

"Ni mwezi, Mwalimu."

"Omera, ndugu yangu, ameweka mtumbwi angani!" kijana mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Awino, makasia umeyaacha wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Awino hakuinamisha kichwa. "Ndivyo ulivyokaa, Mwalimu. Muulize huyu, tulikuwa pamoja."

Mwalimu akanigeukia. Mchoro wangu ulikuwa tayari umebandikwa ukutani kama mfano mwema. Nilimtazama Awino, kisha nikaitazama fimbo mkononi mwa Mwalimu.

"Ulikuwa umesimama, Mwalimu," nikasema.

Awino alichapwa kwa kusema uongo. Habari zilimfikia baba yake kabla binti mwenyewe hajafika nyumbani, na sauti ya mzee ilivuka ua hadi kwetu: "Kama shule inakufundisha uongo na kuchora mitumbwi, basi mitumbwi iko hapa. Kesho utaenda na mama yako kuanika samaki." Awino hakurudi darasani. Bado nilikuwa na nafasi ya kumwambia baba yake kweli. Kila jioni nilimpita mzee yule ameketi nje na sindano yake ya nyavu. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, nikapita. Niliendelea kupita hivyo mpaka nilipokwenda sekondari. Huko nilifundishwa kwamba sisi tunaoishi karibu na ikweta huuona mwezi mchanga umelala, na kwamba kitabu cha kaka yangu kilichorwa na watu wa mbali kaskazini. Hata likizo ilipofika nami nikiwa na elimu hiyo kichwani, sikusimama mbele ya mzee yule.

Siku hizi wajukuu wangu huupiga mwezi picha kwa simu, na mwalimu wao huwauliza tu wameona nini. Wanajibu bila kutazama mkono wake kwanza. Nilipowaona hivyo sikuweza kutulia. Nikaenda sokoni anakouza Awino, nikamweleza yote, tangu mafunjo hadi ukutani. Alinisikiliza huku akipepeta omena wake.

"Mzee, mimi nilijua mwezi ulivyokaa," akasema. "Baba ndiye hakujua. Alikufa akiamini nilimdanganya."

Mteja akauliza bei, naye akamgeukia. Nilibaki nimesimama pale juani. Ukweli ambao wajukuu wangu huusema leo bila kuogopa fimbo, mimi niliuchelewesha mpaka aliyepaswa kuusikia akawa kaburini.