Kifungo cha Uzi Mwekundu

Jamani, mshawahi kupimwa akili na watu wawili, saa ile ile, maswali yale yale, mmoja akasema mgonjwa na mwingine akasema mzima?

Mie yalinikuta. Hapa hapa Tanga.

Mwanangu Mboni alikuwa na miezi minne. Silali. Nikimtazama mume wangu Idarusi, kifua kinawaka. Kila Alhamisi anavuka Pangani kufuata nazi, anarudi ananukia udi.

Siku moja nafua shati lake, nakuta kifungo kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Nyumbani hatuna uzi mwekundu.

"Nani kakushonea?"

"Umeanza! Tangu ujifungue akili zimekuruka. Kesho hospitali."

Akanipeleka kweli. Akanishusha getini na mtoto, akawasha pikipiki.

"Ukilazwa, Mboni anakwenda kwa mama, kule Moa."

Akatokomea.

Ndani nikamkuta Dokta Zabron na nesi mgeni, Tausi, aliyeletwa toka Pangani wiki hiyo kujifunza kujaza fomu ya dalili. Wananisikiliza wote, kila mtu na fomu yake, hakuna kuchunguliana. Moja maana yake dalili haipo. Saba, imezidi.

Tausi kapaka hina, uso umetulia. Nikamwonea wivu hata yeye. Mtu anayelala vizuri namna ile!

Nikamwaga yote. Nilipofika kwenye uzi mwekundu, Dokta akaandika haraka haraka. Kalamu ya Tausi ikasimama.

"Mumeo anaitwa nani, dada?"

"Idarusi. Wa nazi."

Akarudi kwenye fomu yake.

Wakalinganisha. Usingizi: tano, tano. Huzuni: nne, nne. Dhana potofu juu ya mume: Dokta sita.

Tausi moja.

Dokta akacheka. "Sista, mtu anajenga kesi kwa uzi wa kifungo, unampa moja? Kwa sita yangu namlaza leo, anaanza dawa, na kunyonyesha basi."

Nikambana Mboni. Maziwa yakachuruzika yenyewe.

"Sibadilishi," Tausi akasema.

"Tukipishana hivi lazima useme sababu."

Akaweka kalamu mezani. Hakumtazama Dokta. Alinitazama mimi.

"Kile kifungo nilikishona mimi. Aliniambia mkewe alifariki akijifungua."

Weee!

Nilitaka kumrukia. Wallahi nilitaka. Lakini ile sita ingemfaa yeye kuliko mtu yeyote, mie nilazwe na siri yake ibaki siri, na hakuiandika.

Dokta akaikata sita yake, taratibu.

Nilitibiwa usingizi na huzuni, maana hivyo vilikuwa vya kweli. Idarusi sasa ndiye anayeishi kwa mama yake, kule Moa. Mie nimerudi masomo ya jioni, Mboni mgongoni, mtihani mwezi wa kumi na moja.

Wivu haujaisha, siwadanganyi. Lile shati ninalo. Mshono wa Tausi ni mzuri kuliko wangu, na inaniuma.

Ila mkiona wapimaji wawili wamepishana, msikimbilie kumwamini mwenye cheo. Mwulizeni kila mmoja: wewe umejuaje?